Huduma Isiyoandikwa Daftarini

Kanisa kuu la Lubumbashi limewekwa chini ya majina ya Mitume Petro na Paulo, na kila Alhamisi Kuu jioni mwenye kuongoza ibada huvua kasula, hujifunga kitambaa kiunoni, hupiga magoti mbele ya waumini na kuwaosha miguu mmoja baada ya mwingine. Asili ya ada hii ni Injili ya Yohana, isimuliayo kwamba katika usiku wa mwisho kabla ya kusulubiwa, Yesu aliondoka chakulani, akatwaa maji, akawafanyia wanafunzi wake kazi ambayo katika zama zile, watu walipokuwa wakitembea na makubazi katika vumbi, ilikuwa aghalabu ya mtumwa. Petro ndiye aliyekataa. Hakustahimili kumwona bwana wake chini ya miguu yake, hata akaambiwa kwamba asipooshwa hatakuwa na fungu naye. Wahubiri wengi husifu unyenyekevu wa aliyeosha, na ni haki. Lakini kwa rai yangu uzito wa habari hii umo upande wa Petro, kwa kuwa kipo kiburi kilichojificha ndani ya mtu apendaye kutoa na asiyeridhia kupokea, na wito wa Kikristo wa kuwatumikia wengine haukamiliki mpaka kiburi hicho kivunjike. Historia ya Katanga, eneo la mji huu, ilidhihirisha jambo hili kuliko vitabu vingi vya teolojia.

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa sababu ya shaba. Mwaka uo huo walifika Mabenediktini wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu hadi kufa kwake mwaka 1958, na mwaka uliofuata wakafika Masalesiani wa Don Bosco. Kampuni ya shaba ya Union Minière ilipoazimia, tangu mwaka 1928, kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao badala ya kuwaajiri kwa muda mfupi na kuwarudisha vijijini, ilijenga nyumba na hospitali, shule ikazikabidhi kwa wamisionari, na posho ikapimwa kwa kuhesabu watu wa kila nyumba. Sikanushi wema uliokuwamo, maana watoto wengi walizaliwa salama na kujua kusoma kwa sababu yake. Walakini hisani ile ilishuka kutoka juu, kwa kampuni, kwa serikali na kwa misheni. Aliyepewa alitakiwa kushukuru na kutii, wala hakupatikana mtu wa kumwuliza yeye naye ana nini cha kutoa.

Kasoro hiyo iligunduliwa na Mfransisko mmoja kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, aliyewasili Kongo mwaka 1933. Miaka ya mwanzo alifundisha na kuamuru kama wenzake, kisha akatambua kwamba maneno yake yalikuwa yakiwapita watu kama upepo, akaacha kujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza, akaanza yeye kuuliza: ninyi mwatamani nini katika maisha? Fikira alizozipata alizitia katika kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichopigwa chapa Élisabethville mwaka 1945 na kumchukiza sana Askofu de Hemptinne. Kitabu hicho kimempa sifa ulimwenguni, na wataalamu hawajaacha kukibishania. Mimi naona tunda lake bora lilikuwa lingine. Alipokuwa Kolwezi katika miaka ya 1950, palizaliwa miongoni mwa wafanyakazi wa migodi na wake zao umoja ulioitwa Jamaa, uliojengwa juu ya mambo matatu, uzima, uzazi na mapendo, na ulioenea hadi Lubumbashi na mbali zaidi. Mume na mke walifundishwa pamoja, wakiwaita baba na mama wale waliowatangulia katika imani. Padri alikaa kati yao naye akiwa mwenye haja. Walimwita Baba Placide, naye alisema waziwazi kwamba amepokea kwao. Aliondoka Kongo mwaka 1962, na baada yake yalitokea mafarakano kati ya Jamaa na maaskofu, ambayo si haja yangu kuyaeleza hapa. Lililonigusa ni kwamba mtu aliyekuja kuosha miguu alikubali kuvua viatu vyake mwenyewe.

Mafunzo hayo yalihitajiwa sana baadaye. Gécamines, iliyorithi mali za Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, machafuko ya siasa yakafuata, na ilipofika mwaka 1994 haikufikia hata tani 50,000. Mishahara ilikatika kwa miezi mingi, posho ikasahauliwa, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliagwa kwa mkupuo mmoja. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina lisemalo kwamba wana wa Shaba, yaani wa Katanga, wameachwa na baba yao, na baba huyo alikuwa ni kampuni. Mkono wa juu ulipoondolewa, ilibaki mikono iliyo sawa.

Kanisa Katoliki lilikuwa na chombo cha kuiunganisha mikono hiyo. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikuwa wameazimia kuijenga parokia juu ya jumuiya ndogo za majirani, ambazo Lubumbashi huitwa shirika. Shirika ni nyumba kadhaa za mitaa michache, zinazosali pamoja na kujuana kwa majina, na mahali pa kuona kazi yake ni kilio. Mtu afapo katika mitaa ya Katuba au Kenya mjini humu, habari hutangulia gari la maiti. Viti huazimwa, turubai hutandazwa, wanaume huwasha moto uani wapate kukesha, na wanawake huketi juu ya mikeka ndani pamoja na mfiwa. Mezani hukaa mtu mwenye daftari, akiandika kila mchango na jina la aliyeutoa, na kazi yake ni ya lazima, kwa maana bila fedha hakuna jeneza. Lakini tazama nyuma ya nyumba. Pale wamo akina mama waliokuja alfajiri na makaa yao wenyewe, na mmoja wao ameshika mwiko mrefu kwa mikono miwili, ameegemeza mguu kwenye sufuria isiteleze, anasonga bukari, yaani ugali, ya watu mia, moshi ukimliza machozi yasiyo ya msiba; akichoka, mwingine humpokea mwiko bila kuambiwa. Majina yao hayamo daftarini. Na juma lijalo, msiba ukibisha hodi kwa mmoja wao, yule mfiwa wa leo ndiye atakayeshika mwiko, na mpishi wa leo ndiye atakayelazwa mkekani na kulishwa. Hapo ndipo nionapo tofauti ya huduma na sadaka itolewayo kwa mbali: katika huduma zamu hugeuka, wala hakuna aliye fukara kiasi cha kukosa zamu.

Roho iyo hiyo imo Bakanja-Ville, nyumba ya Masalesiani ipokeayo wavulana walalao barabarani, ambao wengi wetu twawapita huku tumekamata mifuko yetu. Nyumba hiyo imepewa jina la Isidore Bakanja, kijana Mkongo aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa mzungu wa shamba, akapigwa mjeledi kwa kuvaa skapulari ya Bikira Maria, akafa kwa majeraha mwaka 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga, na Kanisa likamtangaza mwenye heri mwaka 1994. Naliona jina hilo limechaguliwa kwa busara, kwa kuwa lawafahamisha watoto waliozoea kutukanwa kwamba yule waombwao wamheshimu alikuwa mtu wa chini kama wao.

Tangu migodi ilipofufuka mikononi mwa kampuni mpya, limezuka tatizo ambalo viongozi wa mashirika hulieleza kwa masikitiko. Wenye mali wamejenga nyumba zenye kuta ndefu, na kilio kikitokea mtaani hutuma bahasha nene kwa dereva. Bahasha hupokewa kwa shukrani na kuandikwa. Lakini wao wenyewe wauguapo hawataki kuzuriwa, na akina mama wajapo na uji na rozari hurudishwa na mlinzi getini, kwa kuwa mwenye nyumba aona haya kuonekana dhaifu na watu wasio na hadhi yake. Katika baadhi ya mashirika wazee wamekata shauri kwamba mtu wa namna hiyo asiombwe fedha kwanza. Aombwe aje kusali nyumba ya jirani, aketi kwenye kigoda, ale bukari na sombe kutoka sahani moja na wengine, na baada ya hapo wamwombe siku ambayo sala itafanyika kwake.