Hadithi za Mashabiki: Kutunga Ndani ya Ulimwengu wa Mwingine (Sehemu ya Pili)

Baada ya sehemu ya kwanza kueleza michezo ya njozi inayochezwa kwenye kompyuta na simu, sehemu hii inahusu hadithi za mashabiki, yaani masimulizi ambayo mpenzi wa mchezo, kitabu au filamu huyatunga kwa kutumia nchi, wahusika na kanuni zilizobuniwa na mtu mwingine, bila kuagizwa wala kulipwa na mbunifu huyo. Kijana wa Musoma au Bunda anayejaza daftari kwa hadithi za namna hii huambiwa kwa urahisi kwamba anaiga tu na kupoteza muda, ingawa Mara ndio mkoa ambao ungepaswa kuwa wa mwisho kutoa hukumu hiyo.

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alitumia sehemu ya muda wake wa uandishi ndani ya ulimwengu uliobuniwa na wengine. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari ilitoka mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Ni kweli kwamba tafsiri si hadithi ya shabiki, kwa kuwa mfasiri hana ruhusa ya kumwongezea Bruto safari ambayo hakuifunga. Lakini Shakespeare mwenyewe hakumbuni Kaizari, bali aliyachota mengi ya matukio yake katika maandishi ya Plutarch, yaliyokuwa yametolewa kwa Kiingereza na Thomas North mwaka 1579. Mfano ulio karibu zaidi ni tenzi za Enjili ambazo Mwalimu alizichapisha mwaka 1996, kwa sababu humo alifungwa na kamba mbili kwa wakati mmoja: umbo la utenzi lililomtaka apime kila kipande kwa mizani, na kisa ambacho msomaji anakijua tayari, kiasi kwamba Petro hana budi kukana mara tatu hata kama vina vingependa vinginevyo. Kamba ya pili ndiyo humfunga pia mwandishi wa hadithi za mashabiki.

Katika michezo, kamba hiyo ni kanuni za mchezo wenyewe, hasa ule wa mikakati. Mchezo wa mikakati ni mchezo ambao ushindi wake hutokana na kupanga nguvu, akiba na nafasi, wala hautegemei wepesi wa vidole. Bao, ambalo Mwalimu alikuwa mpenzi wake mkubwa, ni mchezo wa jamii hiyo, wenye mashimo 32, kete 64 na hesabu ndefu ya kujua lini nyumba ilindwe na lini itumiwe. Ila kete za bao hazina majina, wazazi wala kisasi. Michezo ya njozi huzipa kete zake vitu hivyo vyote. Katika The Battle for Wesnoth, mchezo ulioanzishwa na David White mwaka 2003 na kugawiwa bure, majeshi ya kambi zinazofuata nuru hupigana kwa nguvu iliyoongezeka robo wakati wa mchana na kupungua robo usiku, na yale ya giza, yakiwamo majitu yaitwayo orki, huwa kinyume chake. Mifupa inayotembea hustahimili sehemu kubwa ya pigo la upanga, lakini rungu huiumiza zaidi ya kawaida. Mwandishi anayeijua kanuni hiyo hapati shida ya kutafuta mvutano wa kisa chake, kwani kamanda mwenye mapanga matupu, aliyezingirwa na mifupa huku jua likizama, tayari ana hadithi. Asiyeijua atamfanya shujaa wake akate mifupa kwa upanga kama anayefyeka majani, na mchezaji wa kweli ataifunga hadithi hiyo kabla ya ukurasa wa pili, naye hatakuwa amemwonea mwandishi.

Upande wa sheria hauhitaji maneno mengi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, humpa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake igeuzwe kuwa kazi nyingine, na ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wesnoth hutolewa kwa leseni inayoruhusu wengine kuinakili na kuibadilisha kwa masharti maalumu, na ndiyo maana wachezaji wake hutunga vita na visa vipya bila hofu. Michezo mingi ya makampuni makubwa haina ukarimu huo.

Hata hivyo, anayetaka uwanja mpana hana haja ya kuvuka bahari. Shaaban Robert, ambaye Adili na Nduguze yake imetokana na kisa kimojawapo cha Alfu Lela Ulela, aliacha nchi nzima inayoning'inia angani katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951. Nchi hiyo ina mfalme, ina waziri Majivuno, ina wajumbe sita waliotumwa pande nne, mbinguni na ardhini, kisha wakalipwa kifungo kwa mema waliyoyaleta. Mtunzi wake alifariki mwaka 1962, hivyo miaka 50 ya sheria ilitimia mwaka 2012, ingawa adabu ya kumtaja haijaisha muda. Ni ajabu kwamba nchi yenye mipaka, majirani, safari na fitina za barazani kiasi hicho haijawa uwanja wa kawaida wa watunzi vijana, wakati ramani za falme za kigeni zinajulikana kwa kila mlima. Masimulizi ya jadi ya Wazanaki, Wajita na Waikizu nayo ni hazina, lakini yanataka uangalifu wa aina nyingine, kwa kuwa sheria hiyohiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na wazee ndio wajuao kipi ni hadithi ya jioni na kipi ni mila isiyochezewa.

Msomaji anayetaka kujaribu achague mjumbe mmoja wa Kusadikika, aandike usiku wake wa kwanza gerezani kwa kurasa zisizozidi tatu, kisha amsomee mtu aliyekisoma kitabu na amwombe ataje kila mahali ambapo kanuni ya nchi ile imevunjwa. Sehemu ya tatu itaeleza namna ya kusimulia vita bila kuigeuza hadithi kuwa orodha ya mapigo.