Usipunguze Paini kwa Alama ya Chaki

Vijana wenzangu wa Mufindi na Njombe, unapopunguza paini unatoa miti iliyopinda, dhaifu na iliyobanana ili mizuri inenepe. Shida ni kwamba wengi tunaweka alama kwa chaki ya darasani. Mvua ikipiga usiku, asubuhi jamaa wa msumeno anakata kwa kukisia. Mti mnyoofu ukishalala chini ndiyo basi, miaka yako imekwenda.

Tafuta krayoni ya nta kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mvua haiifuti kirahisi. Kisha fanya hivi:

1. Kubalianeni kabla: mti wenye alama ndio unaokatwa.
2. Kwangua magamba yaliyolegea tu, usiujeruhi mti.
3. Weka alama usawa wa kifua, pande mbili, na nyingine chini kabisa ya shina. Hiyo ya chini inabaki kwenye kisiki. Ukikuta kisiki hakina alama, muulize mkataji kabla hujamlipa.

Kwenye magogo, andika urefu sehemu iliyokatwa. Mbao ya kupakwa rangi usiichore usoni, maana rangi haishiki kwenye nta. Krayoni zenyewe ziweke kivulini, jua huzilainisha.