Dogo Anakoroma, Nyie Mnacheka!

Hivi nani alituambia mtoto anayekoroma ndiyo kalala fofofo? Huku kwetu Temeke dogo akikoroma wakubwa wanacheka, eti kamfuata babu yake. Na vyumba vyetu mnavijua: watoto wanne kitanda kimoja, mzungu wa nne. Anayekoroma anapigwa teke la mbavu na kaka yake, kesi imekwisha.

Hebu msikilize vizuri usiku mmoja. Anakoroma, anakoroma, halafu kimyaa! Kifua kinahangaika lakini pumzi haipiti. Mara anashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini, anageuka, mchezo unaanza upya. Kwa watoto wengi wa namna hii mchawi ni nyama za pua, zile zilizo nyuma ya pua juu ya koo, au mafindofindo. Kila mtoto anazo, balaa ni zikikua kupita kiasi. Akiwa macho misuli ya koo inaishikilia njia; akilala inalegea, njia inaziba.

Kila pumzi ikikatika, oksijeni kwenye damu inashuka na ubongo unamwamsha nusunusu. Asubuhi hakumbuki kitu, lakini bwana, hakulala huyo! Na usingizi mzito ndio saa ya ubongo kuhifadhi yale aliyojifunza mchana, na ya homoni ya kukua kutoka kwa wingi.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Mtaani kwetu Tandika kuna dogo wa darasa la pili, jina lake siku hizi ni "kilaza". Shuleni fimbo kwa kusinzia, nyumbani fimbo kwa kukojoa kitandani. Kumbe yote mawili yanaweza kuletwa na pumzi hiyohiyo! Wengine wala hawasinzii, wanakuwa watundu wasiotulia hata dakika moja, nao wanachapwa vilevile.

Mwaka 1998 mtaalamu David Gozal alichapisha utafiti wa Marekani wa watoto 297 wa darasa la kwanza, wote wa mkiani. Watoto 54 walikutwa na tatizo la pumzi usingizini. Kati yao 24 walitolewa nyama na mafindofindo, na mwaka uliofuata alama zao zikapanda. Wasiotibiwa walibaki palepale.

Ila tusidanganyane, kisu si uchawi. Utafiti mwingine wa hukohuko, wa mwaka 2013, ulichukua watoto 464 wa miaka 5 hadi 9. Waliopasuliwa walilala vizuri na tabia zikatulia, lakini kwenye majaribio ya umakini, baada ya miezi 7, hawakuwaacha mbali waliosubiri. Na mtoto mwenye mafua naye hukoroma, yakiisha anaacha.

Bibi zetu wao dawa ni moja tu: kukata kimeo. Jamani, kimeo kimekosa nini? Mtoto anaweza kuvuja damu hadi kufa, na nyama za pua ziko palepale zinamsubiri.

Anayekoroma karibu kila usiku na pumzi inakatika apelekwe hospitali, aombewe rufaa. Muhimbili wana idara ya masikio, pua na koo. Na kabla hujaenda, mrekodi kwa simu akiwa amelala, maana mchana mbele ya daktari dogo atakuwa anaruka tu kama hana neno.