Zao na Matokeo: Tunapofasiri Ripoti za Serikali za Mitaa

Katika darasa letu la tafsiri, nyaraka za serikali ndizo zinazowatoa jasho wanafunzi. Neno la kwanza kuwakwamisha ni utendaji. Waliosoma vitabu vya Tanzania huandika utendaji kazi. Waliozoea redio za Kenya huandika utendakazi. Yote mawili ni sahihi na yana historia. Mwaka 2004 Kenya ilianza kuwatia saini wakuu wa mashirika ya umma katika mikataba ya utendakazi, na mwaka huohuo Tanzania ikaanzisha Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliofupishwa kuwa MWAMTUKA.

Kwa upande wa serikali za mitaa, Uganda ilikuwa imetangulia. Baada ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, wilaya chache zilianza kupimwa kwa majaribio, na kuanzia 2000 upimaji ukaenea nchini. Wakaguzi waliuliza: Mpango wa maendeleo wa miaka mitatu upo? Hesabu zimefungwa? Wilaya iliyofanya vizuri iliongezewa asilimia 20 ya ruzuku ya maendeleo, na iliyofanya vibaya ikapunguziwa asilimia 20. Adhabu hiyo haikuwa ndogo, maana iliyopunguziwa haikuwa karani aliyechelewesha hesabu, bali kijiji kilichosubiri kisima.

Tukirudi darasani, ugumu mkubwa uko hapa. Kiingereza kina maneno mawili: moja la kitu kilichotolewa na ofisi, jingine la mabadiliko yaliyowafikia watu. Wafasiri wengi huyaita yote mawili "matokeo", na msomaji hajui tena anaambiwa nini. Sisi tunapendekeza la kwanza liitwe zao, na la pili libaki matokeo. Kujenga darasa ni zao. Watoto kujua kusoma ni matokeo.

Mfano uko karibu nasi, hapa Nakasero, kwenye ofisi kuu za jiji. Chini ya Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ya 2010, Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na mwaka 2011 ikaingia Mamlaka ya Jiji Kuu (KCCA), ikiwa na Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais. Wa kwanza, Bi. Jennifer Musisi, alitoka Mamlaka ya Mapato, na hilo lilionekana. Makusanyo ya jiji yalipanda kutoka takriban shilingi bilioni 30 mwaka wa fedha 2010/11 hadi zaidi ya bilioni 80 mwaka 2014/15. Ni mafanikio ya kweli, wala hatuyabezi. Barabara kadhaa zilijengwa. Lakini fedha zilizokusanywa ni zao. Mchuuzi aliyeondolewa kando ya barabara hakuwa na safu yake katika jedwali hilo, na Meya aliyechaguliwa na wananchi, Bw. Erias Lukwago, alivutana na Mamlaka kwa miaka mingi kuhusu nani hasa anastahili kuiuliza maswali.

Taka zinafundisha zaidi. Tani zilizozolewa ni hesabu rahisi, na kila jiji hupenda kuitaja. Taka za Kampala zilipelekwa Kiteezi tangu 1996. Kila lori lililofika huko lilikuwa zao jema kwenye karatasi, huku mlima ukiongezeka juu ya nyumba za watu. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima huo uliporomoka na kuua watu wasiopungua 30. Mwezi uliofuata Rais aliwafukuza kazi Mkurugenzi Mtendaji, Bi. Dorothy Kisaka, na maofisa wengine wawili wa juu.

Muhula huu tutawapa wanafunzi ripoti moja ya wilaya waifasiri, wakipigia mstari kila zao mara moja na kila matokeo mara mbili. Mwalimu mwenzetu mwenye neno bora kuliko "zao" (wengine wanalalamika kwamba linanukia mahindi) atuletee kabla ya mitihani.