Do Amehama Boma

Jumamosi jioni hapa Eldoret, kwaya ikifanya mazoezi, mimi na mpwa wangu huketi kwenye ngazi za kanisa. Mwalimu hubonyeza kinanda mara moja. "Do ni C!" Wimbo unaanza.

Juzi mpwa wangu alinivuta shati. "Mjomba, hapo katikati wimbo umeruka mahali pengine. Umeenda wapi?"

Masikio yako ni ya dhahabu, mwanangu! Sogea nikueleze.

Wimbo huishi bomani. Boma la C lina watoto saba: C, D, E, F, G, A, B. Mwenye kigoda ni C, ndiye do. Wimbo hutoka ukazurura, kisha hurudi kwake, kama ng'ombe wanavyorudi zizini jioni. Jirani kuna boma la G. Nalo lina watoto saba. Na sita kati yao ni walewale! F peke yake ndiye hayupo. Mahali pake yuko F shapu, aliye nusu hatua juu yake. Akichungulia katika boma la C, wanakwaya humwita fi.

"Sasa tutajuaje tumehama?"

Tazama nani yuko uani. Tazama nani amekalia kigoda. Kwenye karatasi ya sol-fa, ile ya do-re-mi, noti ya kuhamia hupewa majina mawili: la zamani dogo, la sasa kubwa. G aliyekuwa so katika boma la C sasa anaitwa do. Amesimama mlangoni, mguu mmoja huku, mmoja kule.

"Na kompyuta, Mjomba? Itajuaje?"

Swali zuri kuliko la kwanza! Tuiulize yenyewe.

"Mimi sijui kuimba," inasema kompyuta. "Najua kuhesabu. Nahesabu C amekaa uani muda gani, D muda gani, mpaka sauti zote 12, pamoja na zile za nusu hatua, ziishe. Kisha natoa kadi zangu. Ninazo 24, moja kwa kila boma, kwa sababu maboma ni ya aina mbili: ya meja, kama la C, ni 12, na ya maina ni 12. Kadi inayofanana zaidi na hesabu yangu, hilo ndilo boma."

Kadi hizo zilitoka kwenye masikio ya watu. Mwaka 1982, Carol Krumhansl na Edward Kessler wa Marekani walichapisha utafiti wao. Waliwapigia wasikilizaji muziki wa boma fulani, halafu sauti moja tu. Wakawauliza: huyu anafaa hapa kiasi gani, toka 1 hadi 7? Katika meja, do alipata 6.35. So alipata 5.19. Aliye nusu hatua juu ya do alipata 2.23. Maskini, mgeni kabisa! Baadaye Krumhansl na Mark Schmuckler wakazigeuza alama hizo kuwa njia ya kuhesabu.

"Lakini wimbo haukai mahali pamoja!"

"Ndiyo maana nachungulia dirishani," inajibu kompyuta, "kipande baada ya kipande. Dirisha likiwa dogo mno, namwona fi amepita kuomba chumvi tu, nami napiga kelele: Tumehama! Likiwa kubwa mno, boma la C na boma la G yanachanganyika kama mahindi na maharagwe kwenye sufuria ya githeri."

Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii. Kuhesabu ni rahisi. Kujua usubiri kiasi gani, hilo ndilo gumu. Tena kadi zile zilipimwa kwa muziki wa Ulaya. Chepkong'o ya Wakipsigis, ala ya nyuzi ya huku kwetu, ina boma lake, na kadi yake haimo kati ya zile 24. Ukikua, mwanangu, labda utaiandika wewe.

Jumamosi hii tuliketi tena pale pale. Soprano wakamgusa fi.

"Ameingia uani," mpwa wangu akanong'ona. Nilitaka kumjibu, akanizuia kwa mkono. Fi akapita tena. Na tena. Kisha besi wakashuka taratibu, wakatua kwenye G, wakakaa.

"Sasa," akasema. "Sasa ndiyo wamehama."