Walimu wa kwaya Bokoli, kimya pia kina kitufe chake! Jinsi ya kuandika noti kwa MuseScore bila stress

Ukipita karibu na shule yoyote pande za Bokoli, Webuye ama Kitale msimu wa Tamasha la Muziki, utasikia watoto wakiimba d, r, m kabla hawajagusa maneno. Solfa ndiyo imelea kwaya zetu. Shida ni moja: wimbo wa nyanya uliopangwa sauti nne unakaa kwa kichwa cha mwalimu na kwa karatasi moja iliyojaa jasho. TSC ikimhamisha mwalimu, wimbo nao umehama. Maze, hiyo ni hasara.

MuseScore ni programu ya bure kabisa, na laptopu ya ofisi ya shule inaweza kuiendesha. Wengi huikimbia siku ya kwanza kwa sababu wanabonyeza noti na hakuna kinachotokea. Anza na N. Hiyo ndiyo inafungua mlango wa kuandika. Baada ya hapo, sheria ni urefu kwanza, sauti baadaye: 5 ni krocheti, yaani pigo moja la kawaida, 4 ni kweva, 6 ni mapigo mawili na 7 ni manne. Kisha unapiga herufi ya noti, A mpaka G. Noti ikiruka juu ama chini sana, shika Ctrl na mshale uirudishe oktavu yake.

Sasa hapa ndipo watu wa solfa huchapwa. Kwa solfa, nafasi tupu ni kimya na kistari ni kuvuta sauti. Kompyuta haijui nafasi tupu. Kimya lazima ukiandike, na kitufe chake ni 0. Kimya kinachukua urefu ule uliochagua, kama noti tu.

Chukulia doh ni G, mapigo manne kwa baa (sio ile ya pombe, tulia). Soloisti anaita, kwaya inaitikia kuanzia pigo la pili: nafasi tupu, d, r, m. Andika 5, 0, G, A, B. Basi. Kama d inafuatwa na kistari, usiandike G mbili, watoto wataimba mara mbili. Piga 6 kisha G. Ikiwa sauti inavuka mstari wa baa, wacha wasiwasi: programu yenyewe inaigawa noti na kuifunga kwa upinde.

Ngoma zetu nyingi za nyumbani, haswa zile za litungu, zinatembea tatu-tatu. Chagua 6/8 tangu mwanzo. Pigo kubwa hapo ni krocheti yenye nukta, kwa hivyo kimya cha pigo moja ni 5, nukta, 0. Ukiandika 5 na 0 pekee, kweva moja imepotea, na alto wataingia mapema mbele ya majaji. Noma sana.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni kufuta. Ukifuta noti, haziji zile za mbele kujaza pengo. Kimya kinabaki mahali pake. Hivyo ndivyo inafaa, baa lazima ijae. Na ukiandika juu ya noti ya zamani, ya zamani inapotea, haisongi. Baa ambayo kwaya haiimbi kabisa iache vile ilivyo, ina kimya chake tayari.

Soprano na alto wakikaa mstari mmoja, alto waandikie kwa sauti ya pili: Ctrl, Alt na 2. Vimya vya sauti ya pili ukiona vinajaza karatasi unaweza kuvifuta. Vya sauti ya kwanza vinakataa, usipigane navyo.

Maneno ni Ctrl na L, silabi moja kwa kila noti, ukisonga kwa kistari ndani ya neno na nafasi neno likiisha. Ukimaliza, toka kwa Esc, bonyeza kitufe cha nafasi na usikize. Laptopu itaimba moja kwa moja kama roboti, lakini mahali uliposahau kimya patajitokeza haraka. Vigelegele navyo havina noti: chagua noti ama kimya husika, Ctrl na T, uandike tu "vigelegele hapa."