GRAMAFONI YA BABU: CHEKI MOTA KWANZA!

Mshikaji wa Mji Kasoro Bahari, ukiletewa gramafoni ya hendeli toka Mgeta, mbao inayong'aa isikuzuge. Mimi nachungulia mota kabla ya kutoa hela.

Iache izunguke hadi isimame. Springi iliyojazwa ikifyatuka inakata vidole. Hendeli ikizunguka bila kukaza, mara nyingi springi imekatika. Ikigonga "gudu!", grisi imeganda.

Halafu gavana: vizito vitatu juu ya vibati vyembamba. Kibati kimoja kikipasuka, mwendo unayumba.

Mwisho naweka kijikaratasi chini ya santuri kitokeze ukingoni, nahesabu: mizunguko 78 kwa dakika. Ikipungua, Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki 1965, ataimba kama mlevi. Marehemu hakustahili hayo!

Grisi utaosha. Springi mwachie fundi.